Kasongo Hajarudi: Nyimbo Zangu Nne

Watu wa mashirika wanapenda kutuuliza: nyimbo za wakimbizi ni zipi? Wanategemea ngoma za kwetu, ama zile tunazofundishwa kuimba tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi: amani, tunawe mikono, watoto waende shule. Mimi zangu ni za baa. Nasema wazi. Ni rumba ya zamani ya Nairobi, Kinshasa na Dar es Salaam, ambayo kwetu inakalia kiti kile roki ya zamani inakalia kwa Wazungu: magitaa ya umeme, vijana wa suruali pana, na leo wazee wanaoapa kwamba baada ya hapo muziki ulikufa. (Haukufa. Tuendelee.)

Wa kwanza ni "Kasongo" wa Orchestra Super Mazembe, 1977. Hawa walitoka Zaire, wakapitia Zambia, wakafika Nairobi mwaka 1974. Wimbo ni wa Kilingala: mwanamke anamwita mume wake arudi nyumbani. Basi. Hatuambiwi Kasongo alienda wapi, wala kama ni mzima. Mtunzi wa nyimbo za semina angetupa sababu, pombe au mwanamke mwingine, halafu angemalizia na ushauri. Mazembe wanatuachia jina tu, linaitwa na kuitwa tena. Kwa sababu pengo halikujazwa, kila mtu anatia mtu wake. Hapa Ajia kuna wamama ambao bwana zao walibaki ng'ambo ya mpaka na simu hazipatikani. Ukipigwa "Kasongo" wanacheza, tena wanacheza sana.

Na hapo gitaa ndilo lenye kazi. Kwenye roki mpiga solo anatoka mbele peke yake kama mhubiri. Kwenye sebene magitaa mawili matatu yanasukana kama mkeka. Toa ukindu mmoja, wote unafumuka. Zamani kwenye santuri ndogo wimbo wa namna hii mara nyingi ulikatwa vipande viwili: upande mmoja maneno, ukigeuza, unakuta sebene. Napenda sana mpangilio ule. Kilio upande huu, ngoma upande ule, na ngoma haijibu kilio. Kasongo hajarudi, watu wako uwanjani. Mwisho wa 2024 vijana wa Kenya waliufufua wimbo huu kama utani wa kumsema rais wao, na ukakaa vizuri tu, maana jina lilikuwa bado liko wazi.

"Sina Makosa" wa Les Wanyika ndio wenye akili zaidi kati ya yote. Bendi iliundwa Nairobi mwaka 1978, na wengi wao walikuwa Watanzania waliokuja kutafuta kazi. Kiswahili chake ni chepesi, mtoto anaelewa. Mwanamume anajitetea kwa mwanamume mwenzake mwenye hasira: mimi sijakosa, yule mwanamke si wako, si wangu pia, wewe una wako nyumbani na mimi nina wangu. Sasa sikiliza vizuri hoja hiyo. Kila neno analotoa kujiosha linamchafua! Kama ana wake nyumbani, kwa nini ugomvi umemkuta huko nje? Mwimbaji hacheki, hakonyezi jicho, anaimba kwa sauti tamu ya mtu aliyeonewa. Mi nimesikia utetezi wa namna hiyo kwenye mikutano ya kuni, sisi upande huu na wenyeji upande ule. Mti ule si wako, si wangu, basi chuki ya nini? Wote tunakuwa hatuna makosa, na mti haupo.

Nikisema wenyeji, lazima nipite kwa "Mario" wa Franco na TPOK Jazz, 1985. Baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Kwa hiyo usishangae ukikuta mzee Mlugbara anakijua Kilingala kuliko wajukuu zangu: alikipata ukimbizini, kwetu. "Mario" ni habari ya kijana msomi, vyeti anavyo, lakini anaishi kwa kulishwa na mwanamke mkubwa kuliko yeye. Ni mrefu mno, na Franco anagombeza kama baba mkwe. Sauti ya Madilu ndiyo inauokoa.

Wa nne nauweka kwa makusudi, msije mkadhani nachukia nyimbo za ujumbe. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, akafika Dar es Salaam mwaka 1978, na akiwa na Super Matimila alitoa "Mambo kwa Soksi". Soksi ni kondomu. Ni wimbo wa UKIMWI kabisa, ungeweza kuandikwa na mradi wowote. Lakini redio ya taifa ilikataa kuupiga, na watu waliuimba hivyo hivyo. Kwa nini? Kwa sababu Remmy hakujiweka juu ya wasikilizaji. Anachekesha, anaona aibu pamoja nao, anaongea kama mtu ambaye na yeye anahitaji hiyo soksi. Ndugu zangu mnaotuletea maneno yaliyopangwa tayari tuyatie sauti, mimi sina shida na kunawa mikono. Shida ni kwamba kwenye hizo nyimbo hakuna mtu mwenye mikono michafu. Kila anayeimba ameshafundishwa, ameshaelewa, anashukuru. Tarehe 21 Juni sijawahi kusikia mtu anauimba akichota maji.

Nakala yangu ya "Mambo kwa Soksi" imekatika pale sebene inapoanza. Mwenye nzima aje nayo kwa kinyozi wa njia panda, flashi yangu iko pale, na jioni betri ya sola huwa imejaa.