Asilimia 24, asilimia 76

Mwaka 2020 Echoing Green, shirika la Marekani linalofadhili waanzilishi wa asasi za kijamii, lilifungua kumbukumbu za waombaji wake na kuzichambua pamoja na washauri wa Bridgespan. Swali lilikuwa kama rangi ya kiongozi inaonekana katika fedha anazopata. Nami nataka kueleza walivyopima, maana kazi ilifanywa kwa umakini.

Hawakuchanganya kila asasi na kila asasi. Walichukua waombaji waliofika mbali katika mchujo, waliokwisha kupimwa kwa kipimo kimoja na kuonekana wanafaa. Hapo mtu hawezi kudai kwamba fulani alikuwa dhaifu tangu mwanzo. Mapato ya asasi zinazoongozwa na Weusi yalikuwa pungufu kwa asilimia 24 kuliko ya zile zinazoongozwa na Wazungu. Kisha wakatazama fedha huru, yaani zile ambazo hakuna mfadhili aliyezifunga kwenye kazi maalumu. Huko pengo lilifika asilimia 76.

Tarakimu hii ya pili ndiyo nzito. Mhasibu wa asasi ndogo, awe Detroit au Dodoma, anaijua hali ya mwisho wa mwezi: benki kuna ruzuku ya vitabu, mwenye nyumba anadai kodi, na fedha ya vitabu haiguswi. Fedha huru ndiyo inayolipa kodi hiyo, ndiyo inayomshikilia mfanyakazi hadi ruzuku nyingine iingie. Na fedha huru mfadhili humpa anayemwamini.

Labda asasi za Weusi na za Wazungu zinafanya kazi tofauti? Wachambuzi wakatenga kundi la programu moja ya Echoing Green, iliyolenga ustawi wa wanaume na wavulana Weusi. Mapato ya asasi zinazoongozwa na Weusi yakawa pungufu kwa asilimia 45, fedha huru kwa asilimia 91. Kwangu hili ndilo jaribio zito kuliko yote, na linauma: hata katika kuwahudumia Weusi, kiongozi Mweusi ndiye aliyeaminiwa kidogo.

Wastani, hata hivyo, hauonyeshi fedha zilikwamia wapi. Kwa hilo ripoti ilitaja vikwazo kadhaa: kutofahamiana na wafadhili, upendeleo wakati wa kukutana, na kwa upande wa tathmini, mfadhili kung'ang'ania aina ya ushahidi aliyoizoea. Ushahidi wa namna hiyo una gharama, na mara nyingi ruzuku haikuutengea bajeti. Asasi inabaki kuulipia kwa fedha huru zilezile.