Mwalo Mzuri Hupimwa kwa Marudio Yake

Fundi mwenye msumeno, mbao chache na kipande cha blanketi anaweza kuunda mwalo wa kuoshea dhahabu kwa siku moja. Kazi ngumu ni kuutambua ulio mzuri, kwa sababu hata mwalo mbovu huonyesha dhahabu. Mchanga wenye mali ukipita juu ya ubao wowote wenye manyoya, chembe nzito hunasa, na mwenye kifaa huridhika. Kuridhika huko hakupimi chochote, maana kunahesabu kilichobaki na kusahau kilichokwenda. Ubora wa kifaa cha kutenga dhahabu laini uko katika marudio, yaani mchanga uliokwisha kupita. Anayenunua au kuunda mwalo bila kuyaosha marudio hayo kwenye karai, bado hajaukagua.

Ushahidi uko wazi katika nchi yetu. Mkoa wa Singida umeijua dhahabu kwa zaidi ya karne moja: ile ya Sekenke, Iramba, ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani, na mwaka 1916 ilitumika kutengenezea sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo zilizopigwa Tabora. Leo, katika maeneo ya wachimbaji wadogo, marudio ya mialo yananunuliwa na kupelekwa kwenye matangi ya sianidi ili yatoe dhahabu iliyobaki. Mialo ingekuwa inakamata kama wenyewe wanavyoamini, nani angelipia mchanga uliokwisha kuoshwa? Kila lori la marudio linaloondoka na kumpa faida mnunuzi ni hukumu juu ya kifaa kilichoyatoa, na ni mali ambayo mchimbaji ameitolea jasho kisha akaiuza kwa bei ya mchanga.

Kwa nini dhahabu inaponyoka ilhali ni nzito hivyo? Uzito wake ni mara 19.3 ya maji ya ujazo uleule, na mchanga wa kwazi ni mara 2.65 tu. Lakini katika maji, udogo hupunguza faida ya uzito. Chembe laini sana ya dhahabu huzama kwa mwendo uleule wa punje ya mchanga yenye kipenyo kikubwa kiasi cha mara tatu. Maji yenye nguvu ya kusukuma kokoto, basi, yana nguvu zaidi ya kutosha kuibeba dhahabu ya unga. Ndiyo maana jicho la mkaguzi lianzie kwenye chekeche. Mwalo wa dhahabu laini usiokuwa na chekeche juu yake umekosewa hata kabla ya msumari wa kwanza kugongwa. Mchanga uchujwe upite tundu la milimita moja au dogo zaidi, na wa saizi tofauti uoshwe kwa zamu tofauti, kila mmoja na maji yake.

Baada ya chekeche, tazama mteremko na maji kwa pamoja, kwani kimoja hakina maana bila kingine. Kushuka sentimita 10 kwa kila mita ya ubao ni mwanzo mzuri, kisha fundi arekebishe. Mwalo bora una miguu inayoruhusu marekebisho hayo; uliopigiliwa mteremko mmoja daima unafaa mchanga wa aina moja tu. Upana ukaguliwe kwa pima maji, maana ubao ulioinama upande hukusanya maji kwenye ukingo mmoja na kuacha nusu ya blanketi bila kazi. Maji yatoke kwenye pipa lenye bomba, yatiririke mfululizo katika tabaka jembamba. Ndoo inayomwagwa kwa kishindo huzoa chembe zilizokwisha kutulia. Dalili ya kazi njema ni mchanga kutembea bila kurundikana, huku manyoya ya blanketi yakionekana. Yakifunikwa, hakuna mahali pa dhahabu kujificha. Viungo vya mbao visivuje, na blanketi lilale bila mkunjo na lioshwe kwa urahisi, maana dhahabu isiyotoka kwenye nyuzi ni sawa na iliyopotea.

Yote hayo ni dalili. Hukumu hutolewa na majaribio mawili. La kwanza: kata blanketi vipande vitatu kwa urefu wa ubao, kisha osha kila kimoja kwenye beseni lake. Dhahabu nyingi ikae kipande cha juu, na cha chini kiwe karibu kitupu. Kipande cha chini kikiwa na dhahabu ya kuonekana, nyingine imeshapita. La pili: hesabu chembe 20 za dhahabu, zichanganye na mchanga usio na mali, zipitishe, kisha zitafute kwa kioo cha kukuzia. Fundi anayerudisha 18 ana hoja. Anayerudisha tisa ana ubao tu.

Wapo watakaosema zebaki hukusanya kinachoponyoka. Zebaki haiigusi dhahabu iliyofungwa ndani ya jiwe, na ikitiwa wakati wa kusaga hupasuka kuwa matone madogo mno yanayokwenda na maji pamoja na dhahabu iliyoshikwa. Mvuke wake huharibu mishipa ya fahamu, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Wengine watasema kosa ni la karasha, si la mwalo. Hoja hii ina ukweli, na inajaribika: saga tena sehemu ya marudio, uoshe. Dhahabu ikitokea baada ya kusaga tu, mwalo hauna hatia.

Pingamizi zito zaidi ni la maji. Huku Singida, Mgori ikiwemo, kiangazi ni kirefu na maji hayamwagwi ovyo, huzungushwa. Lakini maji yaliyojaa tope huwa mazito na huchelewesha chembe laini kuzama. Kwa hiyo mashimo ya kutulizia tope, yanayofuatana na kumwagiana maji ya juu, ni sehemu ya kifaa na yakaguliwe pamoja nacho. Mbao nazo zisigharimu msitu. Vijiji vinavyouzunguka msitu wa Mgori vilianza kuusimamia vyenyewe katikati ya miaka ya 1990, kwa sheria ndogo na walinzi wao, na vilifanya hivyo kwa kufuatilia kinachotoka msituni. Mwalo unadai usimamizi uleule.

Basi anayeuziwa mwalo asikubali kuonyeshwa punje zinazong'aa kwenye karai la muuzaji. Aombe ndoo ya marudio, aioshe mwenyewe taratibu, na bei ijadiliwe baada ya hapo. Fundi anayejiamini ataikabidhi ndoo hiyo bila kuombwa mara mbili.