Mkanda wa Harusi Ukihamia Kwenye Diski

Fundi akikukabidhi diski ya harusi ya wazazi wako, iliyotolewa kwenye mkanda wa VHS, acha kwanza nyuso. Tafuta mahali ambapo rangi kali inapakana na nyeupe: kanga nyekundu karibu na kanzu, kwa mfano. Ukiona pale mpakani vidoti vidogo vinatambaa kama sisimizi, basi deki iliunganishwa na rekoda ya DVD kwa waya wa njano.

Mkanda wa VHS huhifadhi mwanga wa picha mbali na rangi yake. Waya wa njano huvichanganya vipite njia moja, halafu rekoda inahangaika kuvitenga upya, na haivitengi vyote. Waya wa S-Video huvipitisha kila kimoja peke yake. Soketi yake, ile ndogo ya duara yenye matundu manne, haipo kwenye deki nyingi za kawaida. Utaikuta hasa kwenye zile za S-VHS, zilizoanza kuuzwa mwaka 1987. Fundi anayeitunza deki ya aina hiyo mpaka leo, akisafisha vichwa vyake, mimi namlipa anachotaka. Nyekundu bado itavuja kidogo nje ya mstari wake, lakini hilo ni la mkanda wenyewe. Hata ule mchirizi uliovurugika chini kabisa ya picha usimlaumu nao: ulikuwapo siku zote, ila televisheni za zamani ziliuficha nyuma ya fremu.

Kazi mbovu kuliko zote ni ya waya wa antena: chenga juu ya picha, na sauti iliyofifia. Siwezi kuisamehe pale ambapo soketi za njano, nyekundu na nyeupe zilikuwepo nyuma ya deki.

Sauti isikilize kwenye sabufa, usitegemee spika za televisheni. Nenda kwenye kimya, wakati watu wameinamisha vichwa kabla ya dua. Mkwaruzo mwepesi ni uzee wa mkanda. Mvumo mzito usiokatika mara nyingi umetoka kwenye umeme na nyaya za fundi, naye alipaswa kuusikia kabla ya kurekodi.

Kisha peleka mbele mpaka kwenye kutunza, watu wanapocheza na noti zikipepea. Hapo ndipo ubahili wa nafasi unapojitokeza. Diski ya GB 4.7 hubeba saa moja kwa kiwango cha juu cha rekoda, XP, na saa mbili kwa SP. Aliyeishindilia sherehe ya saa nne kwenye diski moja atakuwa ameshuka hadi LP, na wachezaji watavunjika vipande vya miraba kila wanapogeuka. Chenga za mkanda nazo hula nafasi, kwa sababu rekoda huzihesabu kuwa sehemu ya picha. Omba diski mbili, tatu hata. Bei yake ni ndogo kuliko majuto.

Kama mkanda ulitumwa na ndugu kutoka Marekani, uliza mapema deki ni ya mifumo mingapi. Kule walirekodi kwa NTSC, mistari 525. Kwetu ni PAL, mistari 625. Deki isiyoujua mfumo wa NTSC itatoa picha inayobingirika au isiyo na rangi.

Kabla hujatoa fedha, diski iwekwe kwenye mashine nyingine, si ile iliyoirekodi. Isipofungwa rasmi baada ya kurekodiwa, huenda isisomeke kwako nyumbani. Ikisomeka, ruka hadi wimbo wa mwisho na utazame midomo ya mwimbaji: mkanda uliochoka huyumba, na sauti iliyoanza sawa na picha inaweza kuwa imeachwa nyuma kufikia hapo.