Trafiki wa Mti

Pamba ikishauzwa na fedha ikaonekana mkononi, vijiji vya Bariadi, Itilima na Maswa hugeukia ngoma. Mgeni atadhani ni burudani ya baada ya mavuno. Mwenyeji anajua ni vita. Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana: Wagika wanasimama upande huu, Wagalu upande ule, uwanja ni huohuo na muda ni huohuo, na ngoma zote mbili zinalia kwa pamoja. Jaji wa kukaa mezani na karatasi hayupo. Mtazamaji anapiga kura kwa miguu: akivutiwa ng'ambo anahamia ng'ambo, na mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Inasimuliwa kwamba ushindani huu uliasisiwa katika karne ya 19 na waganga wawili, Ngika na Gumha, waliotaka ijulikane dawa ya nani ina nguvu zaidi. Ubishi wao haujaisha mpaka leo.

Dawa ya kuvuta watu, samba, ina wenyewe, na mimi siwaingilii. Manju, kiongozi wa ngoma, naye hakosi wa kumsifu. Ninayemwona amesahauliwa ni fundi wa sanamu.

Sanamu za ngoma za Wasukuma ni watu wa mti: kiwiliwili kirefu kilichonyooka, uso uliochongwa kwa mikato michache, na mara nyingi mikono iliyoungwa begani ili ichezeshwe kwa kamba. Zipo ndogo, na zipo zinazokaribia kimo cha mtu mzima. Wala hazipendezi kwa namna ya vinyago vya dukani. Nyingine zinatisha kidogo, na nadhani ndivyo zilivyokusudiwa. Kazi yake ni moja, kumnyang'anya mpinzani watazamaji. Uwanjani kuna majembe yanayorushwa juu na kudakwa, kuna wacheza nyoka na chatu shingoni, halafu katikati ya vumbi mtu wa mti anainua mkono taratibu. Watoto ndio wa kwanza kukimbia kumtazama. Mama zao wanawafuata, na umati umeshahama.

Tatizo ni kwamba kioja hakishangazi mara mbili. Kilichovuta watu msimu uliopita, upande wa pili umekiona na pengine umekiiga. Kuchonga sanamu mpya kila mwaka ni gharama, na gogo bichi lina tabia ya kupasuka likikauka. Kwa hiyo fundi anairudia ya zamani. Anaikata, anaiunga upya, anaipaka rangi nyingine na kuipa kazi nyingine. Hapo ndipo ninapomvulia kofia, kwa sababu anayechonga gogo zima anaanza na uhuru wote, lakini anayebadilisha sanamu ya mwenzake analazimika kuelewana na mtu aliyefika kabla yake.

Mtu mmoja wa mti niliyemtazama kwa karibu, katika mji mmoja si mbali na Nyakabindi, alikuwa ameanza maisha kama mchezangoma wa kawaida. Baadaye akafanywa askari wa jeshi. Sasa ni trafiki, na sare yake ni nyeupe pepe. Wazo lenyewe lilinichekesha kabla sijaiangalia kazi: mkono ulioinuliwa, kiganja mbele, unawazuia watazamaji wasivuke kwenda kwa wapinzani! Lakini mkono wa mchezangoma ulikuwa umenyooka chini. Ilibidi ukatwe kwenye kiwiko na kutobolewa kwa msumari uliochomwa moto, maana mti mkavu wa miaka mingi ukiupigia msumari baridi unapasuka. Kamba ya katani ya begani ilikuwa imeshaula mti, basi mahali pake pakawekwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mpira una faida ambayo katani haina: ukiachia kamba, mkono unarudi wenyewe.

Rangi ndiyo iliyomsumbua fundi. Nyeupe juu ya kijani haikubali kirahisi. Fundi alikwangua kwa msasa, akapaka mikono mitatu ya rangi ya mafuta, ileile ya milango, na kila mkono uliachwa ukauke kivulini kwa sababu jua kali huiotesha malengelenge. Chini ya kidevu, palipobanduka, nilihesabu historia yote: nyeupe, kijani cha jeshi, udongo mwekundu, na chini kabisa weusi wa masizi. Uso hakuugusa. Kofia nyeupe juu, sare nyeupe chini, na katikati ni uso uleule wa mchongaji wa kwanza. Kama angeupaka, ningemwona fundi wa kawaida tu.

Huko Ulaya wapo watu wazima wenye kazi inayofanana na hii kuliko wao wanavyojua. Wanatafuta askari wadogo wa madini, wa zama za Napoleon, waliotengenezwa miongo kadhaa iliyopita. Wanawakata vichwa, wanawapachika kofia nyingine, na Mfaransa wa koti la buluu anaamka asubuhi akiwa wa jeshi jingine. Halafu wanawapanga mezani na kupigana upya Waterloo ya 1815 kwa dadu. Nawaheshimu, ila askari wao hana kibarua kigumu kama cha trafiki wetu: dadu haichoki kutazama.

Sanamu kadhaa za ngoma zimehifadhiwa Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, katika makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Bila Bujora tungepoteza mengi, na anayebeza makumbusho hayo ana lake jambo. Hata hivyo sanamu ikishaingia makumbusho, rangi iliyoingia nayo ndiyo ya mwisho. Hakuna atakayethubutu kuikata kiwiko, na hafanyi kosa.

Trafiki bado yuko kazini. Fundi anataka msimu ujao awe dereva wa bodaboda. Pikipiki ya mbao si kazi, anasema. Shida ni magoti. Miguu ilichongwa pamoja na kiwiliwili, mti mmoja ulionyooka mpaka chini, na ili mtu huyu akae itabidi akatwe nyonga zote mbili. Ufa mwembamba umeshaanzia kiunoni, na mti unaolingana na ule kwa ukavu bado hajaupata.