Mwenzi Aliyebaki Tanbihini: Byron, Hobhouse na Safari ya 1809–1810

Utangulizi

Katika mijadala yetu kuhusu fasihi ya safari, aghalabu msafiri huchukuliwa kuwa mtu mmoja. Huulizwa alikwenda wapi, aliona nini na alirejea akiwa amebadilika vipi. Ni nadra kuulizwa alikuwa na nani. Makala hii inadhamiria kuliuliza swali hilo kuhusu shairi ambalo limekuwa kielelezo cha msafiri mpweke katika ulimbwende wa Ulaya, yaani Childe Harold's Pilgrimage la Byron. Sehemu mbili za kwanza za shairi hilo zilichapishwa London mwezi wa Machi 1812, nazo zilitokana na safari ya marafiki wawili. Mwenzake Byron, John Cam Hobhouse, aliandika kitabu kuhusu safari hiyo hiyo, A Journey through Albania, kilichotolewa mwaka 1813. Kwa hiyo mhakiki ana bahati adimu: njia moja, wasafiri wawili, matini mbili.

Hoja yetu ni kwamba upweke wa Harold si jambo ambalo Byron alilikuta njiani. Ni jambo lililotengenezwa kwa kalamu, kwa kumwondoa rafiki aliye hai katika beti na kumhamishia katika tanbihi. Tutaonyesha jinsi uhamisho huo ulivyofanywa, kisha tutapima kama unaweza kutetewa kwa misingi ya utanzu. Mwishoni tutauliza lugha yetu ingeufanyia nini upweke huo.

Safari ya wawili

Byron na Hobhouse, waliofahamiana walipokuwa wanafunzi katika Chuo cha Trinity, Cambridge, waling'oa nanga Falmouth tarehe 2 Julai 1809. Byron alikuwa na umri wa miaka 21, Hobhouse miaka 23. Njia ya kawaida ya vijana wa tabaka lao, ya kupitia Ufaransa hadi Italia, ilikuwa imefungwa na vita vya Napoleon. Ndiyo sababu wakalazimika kuzunguka pembezoni mwa Ulaya ya kusini: Lisbon na Sintra, kisha kwa farasi hadi Seville, kisha Cadiz na Gibraltar. Kutoka hapo walisafiri kwa meli, wakagusa visiwa vya Sardinia na Sicily, na wakakaa Malta karibu majuma matatu. Mwishoni mwa Septemba walifika Preveza, katika nchi zilizokuwa chini ya dola ya Uturuki. Mwezi wa Oktoba walipokewa na Ali Pasha huko Tepelena. Sikukuu ya Krismasi iliwafikia Athens, na mwaka uliofuata wakaenda Smyrna na Istanbul.

Msomaji wa leo huenda akawawazia kuwa vijana wawili wenye shanta mgongoni. Sivyo. Hobhouse anaorodhesha mizigo yao bila haya: masanduku makubwa ya ngozi, mengine madogo, vitanda na matandiko, pamoja na matandiko ya farasi ya Kiingereza. Mizigo hiyo ilihitaji farasi, na farasi walihitaji watu. Walikuwapo mtumishi William Fletcher, wakalimani, na askari wa Kialbania waliopewa kuwalinda. Kwa hakika, hata huo uwili tunaouzungumzia ulibebwa na wengine.

Byron alianza kuliandika shairi lake Ioannina tarehe 31 Oktoba 1809, akaimaliza sehemu ya pili Smyrna tarehe 28 Machi 1810. Tarehe hizi zina uzito katika hoja yetu. Kwa sehemu kubwa ya miezi hiyo mitano Hobhouse alikuwa naye, wakipanda njia zile zile na kulala katika nyumba zile zile. Beti za mtu asiye na mwenzi duniani ziliandikwa mwenzi akiwa karibu.

Usiku wa Zitsa

Kisa kimoja kinatosha kuonyesha namna matini hizi mbili zinavyoachana. Tarehe 11 Oktoba 1809 wasafiri walikuwa wakitoka Ioannina kuelekea kijiji cha Zitsa. Hobhouse alitangulia na mlinzi mmoja. Byron akabaki nyuma pamoja na Fletcher, mkalimani na mizigo. Giza liliingia, mvua ya radi ikapasuka, na kundi la nyuma likapotea milimani kwa saa nyingi.

Katika masimulizi ya Hobhouse usiku huo unaonekana kutoka kijijini. Yeye amekwisha kufika penye paa, lakini hana raha. Moto unawashwa mahali pa juu ili waliopotea wauone, naye anangoja. Rafiki yake anafika karibu na saa tisa za usiku. Masimulizi ni ya kawaida, hata ya kuchosha kidogo, kama ilivyo desturi ya Hobhouse. Lakini kiini chake ni mtu anayemngojea mtu.

Byron naye aliutungia usiku huo shairi fupi, lililochapishwa katika juzuu lile lile la 1812. Humo mna radi, vijito vilivyofurika na kaburi la Kituruki linalomulikwa na umeme. Mlio wa bunduki unasikika, na nafsineni hajui mara moja kama ni wa adui au wa rafiki. Kisha, katikati ya dhoruba, mawazo yake yanaruka bahari na kumwendea mwanamke aliyemwacha Malta, anayemwita Florence. Shairi linaishia kwake. Anayewaziwa ni yule aliye mbali, asiyejua lolote kuhusu dhoruba hiyo. Aliyewashiwa moto ni nafsineni, ila aliyekaa kando ya moto huo hayumo.

Wahenga wetu walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Katika shairi hili dhiki ipo, na kufaa kwa rafiki kunajulikana kutokana na matini ya pili. Kilichokosekana ni kukiri.

Mtindo huo unajitokeza tena katika sehemu ya pili ya Childe Harold, pale askari wa Kialbania wanapocheza na kuimba usiku kando ya moto ufukweni. Hobhouse alieleza ngoma hiyo kama tukio la kambi nzima, pamoja na chakula na nyimbo zake. Byron anamweka Harold kando kidogo, akiwa amesimama anatazama. Hatua hizo chache kati ya Harold na moto ndizo nafasi ambamo shairi zima limejengwa.

Walio hai na waliokufa

Je, shairi hili halina nafasi ya watu wengine kabisa? Linayo, na hapa ndipo uchambuzi unapokuwa mgumu zaidi. Mwanzoni mwa sehemu ya kwanza mna wimbo wa kuaga ambamo mvulana mtumishi anawalilia wazazi wake na mtumishi mzima anamfikiria mkewe na watoto wake. Wahakiki wamewatambua hao kuwa Robert Rushton, aliyerudishwa nyumbani kutoka Gibraltar, na Fletcher, ambaye angekuwa bado na Byron kwenye kifo chake Missolonghi mwaka 1824. Watumishi wanapewa sauti, lakini kwa kazi maalumu: majonzi yao yanatumika kumwonyesha bwana asiye na wa kumlilia. Wakiisha kuifanya kazi hiyo, wananyamaza.

Marafiki nao wapo, mradi wawe wamekufa. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza Byron anamwomboleza John Wingfield, aliyefariki kwa homa Coimbra mwaka 1811. Katika tanbihi ya hapo hapo anamkumbuka pia Charles Skinner Matthews, aliyezama katika mto Cam mwaka huo huo. Beti za mwisho za sehemu ya pili nazo zinamlilia mpendwa aliyekwisha kuaga dunia.

Hobhouse, aliyekuwa hai, anatajwa katika tanbihi. Katika mojawapo Byron anaeleza kwamba, baada ya rafiki yake huyo kurejea Uingereza, yeye mwenyewe alishikwa na homa kali huko Morea, na walinzi wake wawili Waalbania wakamwokoa kwa kumtisha tabibu kwamba watamkata koo mgonjwa asipopona. Ni kisa cha kuchekesha, chenye uchangamfu na shukrani. Humo mna rafiki, mna walinzi wenye majina, mna mwili unaougua na kuuguzwa. Yote hayo ni mambo ambayo beti hazikuyakubali. Kwa maneno mengine, ukurasa wa Byron umegawanyika sehemu mbili: juu, mtu mmoja anatembea katika ulimwengu mtupu, chini, kwa nathari, ulimwengu umejaa watu.

Je, ni sharti la utanzu?

Yamkini mhakiki mwingine atapinga kwamba tunamdai mshairi kile asichoahidi. Harold ni mhusika wa kubuni. Byron mwenyewe alisema hivyo katika dibaji ya 1812. Isitoshe, hija ya kishujaa ina desturi zake, na shujaa mwenye huzuni hahitaji mwenzi wa kumchekesha na kumkumbusha bei ya farasi.

Pingamizi hili lina nguvu, lakini halitoshi. Kwanza, katika muswada wa awali shujaa aliitwa Childe Burun, umbo la kale la jina la ukoo wa mshairi. Pili, dibaji ile ile inadai kwamba shairi liliandikwa kwa sehemu kubwa katika mahali linapopaeleza. Mwandishi anataka kuaminiwa kama shahidi na kusamehewa kama mbunifu kwa wakati mmoja. Tatu, katika utangulizi wa sehemu ya nne, mwaka 1818, alikiri kwamba amechoka kuchora mpaka kati ya Harold na yeye mwenyewe. Utangulizi huo ni barua ya kumtunukia Hobhouse kazi hiyo, yenye sifa nyingi na za dhati kwa rafiki wa miaka mingi. Sifa hizo, hata hivyo, ni za nathari, na zimekaa mlangoni mwa shairi.

Hatusemi kwamba Byron hakumpenda rafiki yake. Tunasema kwamba utanzu alioujenga haukuwa na mahali pa kuliweka penzi hilo. Utanzu huo ulirithiwa na wengi, hata leo tunaposoma habari za msafiri anayesimama peke yake juu ya jabali hatuulizi nani alimshikia farasi.

"Tulikwenda na Hobhouse"

Hapa lugha yetu ina la kusema. Katika Kiswahili mtu husema "tulikwenda na Juma" akimaanisha kwamba walikwenda wawili, yeye na Juma. Mwenzi anaingia katika kiambishi cha nafsi kabla hata hajatajwa jina. Anayetaka kujitenga anaweza kusema "nilikwenda na Juma", lakini msikilizaji ataisikia tofauti. Mfasiri atakayemleta Harold kwa Kiswahili atakutana na uamuzi huo mara kwa mara, nao utamlazimisha kutambua kwamba umoja wa nafsi si hali ya kawaida. Ni chaguo.

Hata hivyo tusijipongeze mapema. Miongoni mwa masimulizi yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, mna ya Salim bin Abakari, aliyesafiri hadi Urusi na Siberia mwaka 1896 pamoja na bwana wake Mjerumani, Bumiller. Hapa aliyeshika usimulizi ni mtumishi. Ni kana kwamba Fletcher ndiye aliyetuandikia habari za Albania. Lakini pale bwana na mtumishi wanapoingia katika "tu-" moja, kiambishi hicho hakituambii nani alipanda na nani alipakia. "Ni-" ya Byron inamfuta mwenzi. "Tu-" inaweza kumtaja mwenzi na kuufunika mzigo wake. Jukumu la mhakiki ni kuziuliza nafsi zote mbili.

Hitimisho

Wasafiri hawa waliagana tarehe 17 Julai 1810 katika kisiwa cha Kea. Hobhouse alikuwa akirejea nyumbani. Byron alikuwa akirudi Athens. Katika shajara yake, ambayo haikuchapishwa Byron akiwa hai, Hobhouse aliandika kwamba waliagana kwa machozi kwenye kibaraza cha mawe mwishoni mwa ghuba, wakagawana kishada kidogo cha maua. Alimkumbusha Byron maua hayo katika barua. Byron alimjibu kwa mzaha, akamshauri ayatie katika riwaya yake ijayo ya mahaba.

Mwaka 1824, Byron alipokwisha kufa, kumbukumbu za maisha alizokuwa ameziandika zilichomwa katika ofisi ya mchapishaji wake, John Murray. Miongoni mwa waliosisitiza zichomwe alikuwa Hobhouse, kwa nia ya kulilinda jina la rafiki yake. Hivyo yule aliyenyamazishwa katika beti alikuja kumnyamazisha aliyezitunga, na sisi tumepoteza matini ambayo huenda ingeturudisha kwenye kibaraza kile.

Kilichosalia ni tanbihi, dibaji na shajara. Wanafunzi wetu huziruka wanapotayarisha tasnifu, wakidhani kwamba fasihi imo katika beti tu. Katika kazi hii, atakayeziruka hatamwona aliyewasha moto Zitsa.