Breki za Nyuma: Fundi Mzuri Hufungua Pande Zote Mbili

Gari linalobeba dagaa kutoka Bukima kwenda Musoma mjini hupambana na vumbi la kiangazi, matope ya masika na mzigo unaolemea nyuma. Breki za dramu zikianza kushika upande mmoja, hapo ndipo ubora wa fundi hujulikana.

Fundi anayefungua gurudumu moja, akabadilisha viatu vya breki na kufunga, amebahatisha tu. Breki hizi hufanya kazi kwa jozi, na upande mzima ndio kipimo cha upande mbovu. Tena si kila mara tairi linaloburuza ndilo lenye ubovu. Huenda ndilo pekee linaloshika.

Fundi hodari huanza kabla hajashika spana. Gari likitoka safari, husogeza kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Iliyo moto kupita kiasi haiachii. Iliyo baridi haishiki. Kisha huinua nyuma, huachia hendibreki na kuzungusha matairi kwa mkono. Likiwa zito moja, waya wa hendibreki ulioganda kwa matope na kutu ni mshukiwa wa kwanza.

Ndani ya dramu, unyevu husema mengi. Kwenye Hiace, oili nzito yenye harufu kali imetoka kwenye difu na kupita sili ya ekseli. Majimaji mepesi ni oili ya breki, na yanapatikana kwa kufunua kingo za mpira wa wili silinda. Anayeweka viatu vipya bila kuziba uvujaji huo ameharibu viatu vipya.

Adjasta, inayosogeza viatu karibu na dramu, ndiyo mtihani mkubwa kuliko yote. Kwenye magari mengi, nyuzi za skrubu ya kushoto hujikunja kinyume cha za kulia. Zikibadilishwa pande, mtambo uliokusudiwa kujikaza hujilegeza, na pedali huzidi kuzama wiki baada ya wiki. Fundi makini hufungua upande mmoja kwa wakati, ili wa pili ubaki kama ramani ya springi.

Dramu nazo hupimwa. Kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa huwa kimechapwa kwenye chuma chenyewe. Ikizidi hapo, haichongwi tena. Ikichongwa moja, na mwenzake ichongwe kwa kipimo kilekile.

Kazi ikiisha, mmiliki aombe majaribio kwenye changarawe tambarare isiyo na watu: mwendo wa taratibu, hendibreki ivutwe, kisha yeye na fundi washuke watazame alama mbili za matairi. Zikitofautiana urefu, kazi haijaisha. Na bitana la kiatu lililolowa oili halirudishwi kwa msasa wala petroli. Linabadilishwa, kushoto na kulia. Mwenye gari aombe kuonyeshwa viatu vya zamani vya pande zote mbili kabla hajatoa pesa.