Mazimwi Chunguni: Utangulizi wa Dungeon Meshi kwa Wasomaji Wapya

Katika ngano nyingi za Afrika ya Mashariki zimwi ndilo mlaji, na mtu ndiye mlo. Hadithi ya Sultani Majinuni, iliyochapwa na Edward Steere katika mkusanyo wake wa mwaka 1870, yaeleza habari za paka aliyeachwa ale mifugo, kisha watu, hata akawa Nunda. Na mwana wa mwisho wa sultani akaondoka kwenda kumtafuta. Kila mnyama amwuaye humwonyesha mama yake akidhani ndiye, na kila mara huambiwa kuwa siye. Hapo hofu na kicheko hukaa pamoja.

Msomaji aliyelelewa kwa ngano za namna hiyo hatakuwa mgeni kabisa katika Dungeon Meshi, hadithi ya michoro ya Ryoko Kui wa Japani, iliyotolewa katika jarida la Harta tangu mwaka 2014 hata 2023, na kukusanywa katika vitabu 14. Neno meshi kwa Kijapani ni wali uliopikwa, tena ni chakula kwa jumla. Kurasa husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, jambo lisilo geni kwa aliyepata kusoma tenzi katika hati za Kiarabu.

Kisa chenyewe si kirefu kukieleza. Kundi la wasafiri lashuka katika jumba la chini ya ardhi, lenye tabaka nyingi zilizojaa mitego na mazimwi. Joka jekundu lammeza Falin, ambaye kabla ya kumezwa awatoa wenzake nje kwa uganga. Katika jumba hilo mfu aweza kufufuliwa, mradi mwili wake upatikane kabla haujasagika tumboni mwa joka. Laios, kaka yake, hana fedha wala akiba ya chakula, na siku zinapita. Basi yeye, Marcille mganga na Chilchuck fundi wa kufuli washuka tena, wakikusudia kula kile watakachokiua njiani. Huko wakutana na Senshi, mpishi aliyekaa jumbani miaka mingi.

Kicheko cha kitabu hiki chatokana na jambo moja: Kui hafanyi mzaha na jiko. Kila mlo una viungo vyake, namna yake ya kupikwa, na faida yake mwilini. Mlo wa kwanza ni uyoga utembeao pamoja na nge mkubwa, katika mchuzi. Deraya tupu itembeayo yenyewe, ambayo msomaji angeidhani kuwa ina pepo, yaonekana kuwa ni maskani ya viumbe laini mfano wa konokono, nao wapikwa. Hata upanga wa Laios una kiumbe cha jinsi hiyo ndani yake, nao hutikisika mazimwi yakaribiapo. Ajabu haikuondolewa katika hadithi, bali imepewa maumbile na kanuni, na kwa hiyo yasadikika.

Marcille ndiye akataaye. Hulia, huonja, kisha hukiri kwamba chakula ni kitamu. Mtu wa Rwamishenye, mjini Bukoba, hahitaji sharhe ndefu ya hali hiyo. Msimu wa Novemba na Desemba senene wajapo, huondolewa mbawa na miguu, wakakaangwa, wakawa kitoweo cha heshima. Na mgeni wa mkoa mwingine atengewapo sahani hiyo mara ya kwanza, aghalabu hupitia hatua zile zile: hukataa, huonja kwa adabu, kisha mkono hurudi sahanini. Kinyaa ni mazoea kabla hakijawa maumbile. Walakini Kui haishii hapo. Wasafiri wabishana juu ya viumbe vifananavyo na mtu, kama vyaweza kuliwa, na Chilchuck hakubali kabisa. Hapo kicheko hukatika, na swali la haki ya mlaji husimama peke yake.

Mfasiri atakayekijaribu kitabu hiki kwa Kiswahili atakuwa na kazi. Senshi ni wa kabila la watu wafupi wenye ndevu, hodari wa madini. Neno mbilikimo halifai, kwa kuwa limezoewa kutajia watu wa kweli wa misitu ya Kongo. Marcille ni wa watu wenye masikio marefu na umri mrefu. Kumwita jini ni kumwingiza katika itikadi asiyohusika nayo. Ni afadhali kueleza kuliko kubandika jina lenye historia nyingine. Zimwi pekee ndilo lifaalo pasipo shaka.

Kasoro hazikosekani. Katika vitabu vya baadaye makundi huongezeka, majina hurundikana, na siasa za watawala husukuma chungu pembeni. Yafaa msomaji mpya aanze mwanzo kabisa, asiache kabla ya kitabu cha nne, ambamo joka jekundu lakabiliwa. Hapo atajua kama amependa au hakupenda.

Lililo bora zaidi ni Senshi. Huotesha mboga juu ya migongo ya masanamu ya udongo yatembeayo, husafisha vyoo vya jumba apate mbolea, na hachukui kupita kiasi, ili uhai wa jumba usiharibike. Mkulima wa Kagera, anayekitilia kibanja chake cha migomba samadi ya ng'ombe ili kiwalishe wajukuu, atamtambua mara moja. Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Senshi ayajua mazimwi, naye hayali yakaisha.